Mwanga Unaopima Damu

Mtoto mwenye nimonia akifika wodini tunamvisha kidoleni kifaa kidogo. Hicho hupitisha mwanga mwekundu na mwingine usioonekana kwa macho, kupima kama damu yake ina oksijeni ya kutosha.

Kipokea mwanga chake ni cha silikoni, kitu kigumu. Wataalamu wanatafuta malighafi laini zenye kaboni, mithili ya plastiki, ili kifaa kibandikwe mguuni kwa kichanga kama plasta. Mwaka 2014 Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilionyesha kimoja, kilichotumia mwanga mwekundu na wa kijani. Kazi inaendelea ili malighafi hizo ziunase vizuri mwanga usioonekana, ambao hupenya mwilini zaidi.

Lakini tusitegemee namba peke yake. Uchunguzi wa Marekani wa mwaka 2020 ulionyesha kuwa vifaa hivi vilificha upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi kwa wagonjwa weusi kuliko weupe. Mtoto akipumua mbio, kifua kikibonyea ndani, au akishindwa kunyonya, msingoje kuche. Mleteni upesi.