Mtoto Aliyeachishwa Ziwa Anakula Nini?

Mtoto amevimba miguu na mashavu. Majirani wasema amenenepa. Lakini nywele zake zimegeuka nyekundu, ngozi yabanduka, naye hataki kucheza wala kula. Wengine wanong'ona kwamba amerogwa. Mama, bonyeza mguu wake kwa kidole gumba. Kishimo kikibaki, huo si unene, ni maji. Mpelekeni hospitali leo, msingoje kesho.

Ugonjwa huo ni kwashiakoo. Jina latoka kwa Waga wa Ghana, nalo maana yake ni ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa ziwani mdogo wake alipokuja. Daktari Cicely Williams alieleza ugonjwa huo mwaka 1933, na mwaka 1935 akaliandika jina hilo alilolipata kwa akina mama. Aliona kwamba watoto wale walilishwa mahindi karibu peke yake.

Je, kwetu si vivyo hivyo? Mtoto huachishwa ziwa, akapewa uji mweupe asubuhi, ugali na mchuzi mwembamba jioni. Tumbo lajaa, mwili wabaki na njaa.

Mwili ni kama nyumba. Ugali, wali, ndizi na muhogo ni kuni za jikoni: hutia nguvu. Maharage, kunde, karanga, dagaa, maziwa, mayai na nyama ni matofali: hujenga. Mchicha, kisamvu, matembele, mapapai na maembe ni mlango imara: hulinda na maradhi. Nani aliyewahi kujenga nyumba kwa kuni tu?

Wala si lazima kuwa tajiri. Twanga dagaa wakavu, au saga karanga zisizo na ukungu, utie katika uji wa mtoto. Pika maharage pamoja na mahindi, maana vyakula hivi viwili hukamilishana. Miezi 6 ya kwanza maziwa ya mama yatosha peke yake. Baadaye mpe chakula laini, huku akiendelea kunyonya hata afike miaka 2 au zaidi.

Nanyi akina baba, sikilizeni. Kuku akichinjwa, nani hupata nyama, na nani huachiwa mchuzi? Mayai yakienda yote sokoni, mtoto amebakiziwa nini? Mtengeeni sahani yake mwenyewe, maana akila sahani moja na wakubwa, mkono wake mdogo hauwezi kushindana nao. Jioni ya leo, kabla ya kunawa, itazameni sahani hiyo: yamo matofali, au zimo kuni tu?