Komredi ni Mwenzi wa Chumba

Yapo maneno ya Kiingereza tuliyoyazoea hata tukasahau kuyauliza asili yao. Mojawapo ni komredi. Wengi hudhani lilizaliwa Urusi. Sivyo, Warusi wana lao. Waingereza walilipata katika karne ya 16 kupitia kwa Wafaransa, nao Wafaransa kwa Wahispania, ambao chumba hukiita *cámara*. Komredi, basi, alikuwa mwenzi wa chumba, hasa askari aliyelala pamoja na wenziwe. Kamera nayo ni ya ukoo huo huo, kwani ilianza kama chumba chenye giza. Wasoshalisti ndio waliolifanya neno hilo kuwa jina la kuitana katika karne ya 19.

Visiwani neno hili si geni. Abdulrahman Mohamed Babu alipoanzisha Chama cha Umma mwaka 1963, wafuasi wake walijulikana kwa jina la makomredi.

Lakini ni Mazimbu, karibu na mji wa Morogoro, ambako neno lilirudia maana yake ya kwanza. Baada ya maasi ya Soweto ya Juni 1976, Serikali ya Tanzania iliwapa wapigania uhuru wa ANC ardhi iliyokuwa shamba la mkonge. Hapo kilijengwa chuo kilichopewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na Makaburu tarehe 6 Aprili 1979. Vijana waliokimbia makwao, wenye lugha mbalimbali, walilala bweni moja na kuitana komredi. Wapo ambao hawakurudi kwao. Makaburi yao yako pale pale. Mwaka 1992 ANC ilikabidhi majengo kwa Tanzania, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine.

Sisi tulichagua neno letu wenyewe: ndugu. Nalo lina sharti lake, kwani wahenga walinena kuwa undugu ni kufaana, si kufanana. Siku hizi maofisini mheshimiwa amelisukuma kando. Hatukatai heshima. Lakini mheshimiwa hupokea tu, ilhali ndugu hudaiwa. Mtumishi anayeanza barua kwa neno "Ndugu", kisha mwenye shida akifika akamwacha nje ya mlango tangu asubuhi hadi jioni, hajamwita ndugu. Ameandika neno tu, chumba amekifunga.