Kujipangia Masomo ya Udaktari Baada ya Shahada

Nchini Marekani mtu haingii chuo cha tiba moja kwa moja kutoka shule ya sekondari kama ilivyo ada ya Afrika Mashariki, bali aghalabu hutakiwa kwanza aimalize shahada ya miaka minne katika fani yoyote aipendayo, iwe historia, muziki au uhasibu, maadamu kando ya fani hiyo amesoma sayansi zile ambazo vyuo vya tiba vimezifanya sharti. Utaratibu huu ni wa zamani: chuo cha tiba cha Johns Hopkins kilipofunguliwa mjini Baltimore mwaka 1893 kilidai shahada kwa kila mwombaji, na taarifa mashuhuri ya Abraham Flexner ya mwaka 1910 ikavisukuma vyuo vingine kukaza masharti yao. Basi hutokea watu ambao hamu ya udaktari huwajia shahada ikiwa imekwisha kutundikwa ukutani, na wengine waliosoma sayansi ujanani wakapata alama dhaifu. Wote hao hawana budi kurejea darasani.

Viko vyuo, kama Columbia mjini New York na Bryn Mawr katika Pennsylvania, vilivyowatayarishia watu wa namna hii programu kamili, yenye washauri, ratiba na barua ya pamoja ya kumtambulisha mwombaji. Lakini programu hizo ni ghali, na nyingi humtaka mwanafunzi mchana kutwa. Mwenye kazi na watoto hujitungia mpango wake mwenyewe, akichukua somo hili chuo kikuu cha umma kilicho jirani na lile katika chuo cha jamii cha miaka miwili, ambako ada ni nafuu. Miongoni mwa wanaofikiria njia hii wamo Waswahili wenzetu wa Minnesota, Massachusetts na Texas, wanaokesha wakihudumia wazee na wagonjwa, ilhali nyumbani kwao walikuwa na shahada zao. Naandika nikiwakumbuka hao hasa, kwa kuwa kosa la mpango huwagharimu kuliko mwingine yeyote.

Tadbiri njema huanzia mwisho. Mtu avichague kwanza vyuo vya tiba atakavyoviomba, asome masharti ya kila kimoja na kuyaandika yote katika karatasi moja, kwani hayafanani: kimoja hutaka takwimu, kingine bayokemia, kingine hakiridhiki na maabara ya mtandaoni, na kingine hakipokei masomo yaliyopitwa na miaka mingi. Kiini kinachopatikana karibu kila mahali ni mwaka mmoja wa bayolojia, mwaka wa kemia ya jumla, mwaka wa kemia kaboni na mwaka wa fizikia, yote pamoja na maabara, na juu yake muhula mmoja wa bayokemia.

Bayolojia na fizikia zaweza kuwekwa penye nafasi. Kemia haina uhuru huo. Kemia ya jumla ya kwanza hutangulia ya pili, ya pili hutangulia kemia kaboni ya kwanza, na hiyo hutangulia ya pili yake, kisha ndipo bayokemia. Mihula mitano kama vipandio vya ngazi. Aliyeanza Agosti, asisome likizoni wala asianguke popote, ataikamilisha Desemba ya mwaka wa tatu, atafanya MCAT, mtihani wa kuombea nafasi katika vyuo vya tiba, katika miezi inayofuata, atapeleka maombi mwishoni mwa Mei au Juni, atasailiwa kati ya vuli na baridi, na ataingia chuo cha tiba kiangazi cha mwaka wa pili yake. Hiyo ni miaka minne. Chuo kikimruhusu kuisoma bayokemia sambamba na kemia kaboni ya pili, mwaka mmoja huokoka. Aliyekosa kuandikishwa Agosti huenda akangoja mpaka Agosti nyingine, madhali vyuo vidogo havifundishi kila somo kila muhula.

Na kukosa kuandikishwa si jambo la nadra. Asiyesomea shahada mara nyingi hufunguliwa mlango wa usajili baada ya wanafunzi wa shahada, naye akifika hukuta darasa la jioni limekwisha kujaa. Inafaa kuuliza mapema kama chuo kitamwandikisha kwa shahada ya pili au cheti, ili apate zamu bora.

Wala asijitwike masomo manne kwa sababu kijana wa miaka kumi na tisa aliyeketi jirani naye anayaweza. Maabara peke yake hula saa tatu za jioni moja: mtu ametoka kazini, amesimama mbele ya bureti, anadondosha tone baada ya tone na kutazama mpaka kimiminika kigeuke waridi hafifu na kubakia hivyo, tone moja la haraka likizidi, rangi hukolea na kazi huanza upya. Kisha taarifa yake huandikwa nyumbani. Rai yangu ni somo moja au mawili kwa muhula wa kwanza, kwani alama hazifutiki.

Hesabu ya alama ndiyo inayowasononesha wengi. AMCAS, idara inayopokea maombi kwa niaba ya vyuo vingi vya tiba, huyajumlisha masomo haya na yale ya shahada ya kwanza, na hupiga kando wastani wa bayolojia, kemia, fizikia na hisabati. Mwenye krediti 120 kwa wastani wa 2.9, akisoma krediti 32 na kupata alama ya juu kabisa katika kila somo, hufika 3.13 tu. Zamani vyuo vya osteopathia, ambavyo navyo hufundisha udaktari, vilikubali alama ya marudio ifute ile ya awali. Desturi hiyo ilikoma mwaka 2017. Hata hivyo asikate tamaa, kwa sababu jedwali la alama la AMCAS huonyesha kila mwaka katika mstari wake, na miaka ya baada ya shahada ina mstari wake pia, hata msomaji aone dhahiri kwamba aliyeanguka ujanani sasa ni mtu mwingine. Nao MCAT, wenye alama kati ya 472 na 528, usifanywe kwa kubahatisha. Mtu huruhusiwa mara saba tu maishani.

Amma kwa aliyehitimu Dar es Salaam, Nairobi au Lubumbashi, liko jambo linalotangulia yote haya. AMCAS haiingizi alama za vyuo vya ng'ambo katika wastani, na vyuo vingi vya tiba hutaka masomo ya sharti, vingine shahada yenyewe, yawe ya Marekani au Kanada. Vingi pia humpokea raia au mkaazi wa kudumu peke yake. Kabla ya kulipa senti ya ada, aviandikie vyuo vilivyomo katika karatasi yake, aeleze shahada yake na hali yake ya ukaazi, aulize anadaiwa krediti ngapi, na majibu ayahifadhi kwa maandishi, kwani maofisa huhamishwa na masharti hubadilishwa mwaka hadi mwaka.