Tugawane Chaneli za Mtandao Pasiwaya

Katika kambi ya Dzaleka, wilayani Dowa, iliyofunguliwa mwaka 1994, Wakongo na Warundi wengi huzungumza Kiswahili, na baadhi yao husoma kwa intaneti. Somo linapokatika, hulaumiwa kifurushi. Huenda tatizo ni chaneli, yaani kipande cha mawimbi kinachotumiwa na ruta.

Ruta jirani zikiwa katika chaneli moja hupokezana zamu. Zikiwa 1 na 3, huvurugana. Katika bendi ya gigahezi 2.4, chaneli zimeachana megahezi 5 tu, ilhali mtandao huchukua takriban 20.

Kwa hiyo, iwe Dzaleka au Area 25 mjini Lilongwe, tunashauri majirani wagawane 1, 6 na 11. Upana ubaki 20. Ukifanywa 40, jirani hubanwa. Mpango huu hauna gharama.