Mafuriko, Nzige na Ukame: Msiba Upi Ni Mzito Zaidi?

Watu wengi hupima msiba kwa kishindo chake. Mto ukifurika usiku na kuchukua nyumba, habari huenea nchi nzima kabla ya jua kuchomoza. Bali mvua ikikosa kunyesha, hakuna asikiaye sauti yo yote. Lakini misiba iliyoipata Kenya miaka ya karibuni yaonyesha kwamba kipimo hicho hakitoshi.

Mafuriko huua upesi. Katika mvua za masika za mwaka 2024 watu zaidi ya 200 walikufa. Huko Mai Mahiu, tarehe 29 Aprili, maji yaliyokuwa yamezuiliwa na tuta la reli yalipasua njia na kuwakumba watu usingizini. Hata hivyo maji hupungua, na mara nyingi mkulima aliyesalimika huweza kupanda tena msimu ufuatao.

Nzige hawamuui mtu, bali humla chakula chake. Wale walioingia Kenya mwishoni mwa mwaka 2019 walikuwa wengi kuliko walioonekana kwa miaka 70. Nzige mmoja ana uzito wa gramu 2 tu, lakini kila siku hula kiasi cha uzito wake. Kundi lililoenea kilomita moja ya mraba laweza kula kwa siku moja chakula cha watu 35,000.

Ukame huja polepole, nao hukawia kuondoka. Tangu mwisho wa mwaka 2020 hadi mwisho wa 2022, misimu mitano ya mvua iliharibika kaskazini na mashariki ya nchi, na mifugo zaidi ya 2,000,000 ikafa. Mfugaji aliyepoteza ng'ombe wake huhitaji miaka mingi kulijenga zizi upya, na watoto wake huacha shule. Ardhi nayo hubaki tupu. Mvua inyeshapo, udongo mgumu usio na majani haunywi maji, bali huyaacha yatiririke na kuuchukua udongo wenye rutuba. Hivyo ukame wa jana huyatia nguvu mafuriko ya leo.

Kila msiba una muda wake wa kujikinga. Kwa mafuriko ni saa chache: kuhama bondeni mara onyo litolewapo. Kwa nzige ni majuma machache: kutoa habari za tunutu kabla hawajaota mabawa. Kwa ukame ni miezi: kuweka akiba ya nyasi, na kuuza baadhi ya mifugo ingali minene. Msiba usio na kishindo ndio utoao muda mrefu zaidi wa kujitayarisha, na ndio watu waupuuzao zaidi.