Kisu cha Mfukoni Kisichomtisha Jirani

Anayeshuka asubuhi ufukoni Kalundu, hapa Uvira kando ya Ziwa Tanganyika, au anayepita sokoni Mulongwe saa ambayo samaki wa mikeke wamekwisha kupandishwa kutoka mitumbwini, huwakuta akina mama wameketi mbele ya mabeseni yao, kila mmoja na kisu chake kirefu kinachong'aa kwa magamba, wakiparua na kupasua na kutoa matumbo ya samaki, wala hapana mpita njia anayegeuza uso au kuharakisha hatua. Lakini jioni hiyo hiyo, katika gari la abiria liendalo Sange, kijana akitia mkono mfukoni na kutoa kisu cheusi kisichozidi urefu wa kidole cha shahada, kisha akakifyatua kwa kidole gumba kikalia "ta!", mazungumzo yote hukatika, mama aliyeketi karibu humvuta mwanawe, na dereva huinua macho kwenye kioo. Kisu kikubwa hakikumshughulisha mtu, na kidogo kimelitia gari zima fadhaa, ilhali huenda kijana yule hakuwa na azma nyingine ila kumenya chungwa.

Hofu hiyo haikuzuka bure, wala si insafu kuwacheka walio nayo. Vita vya mwaka 1996 viliwaka mapema katika wilaya hizi za Uvira na Fizi, na tangu hapo watu wa mwambao huu wamejifunza kumtazama mgeni mikononi kabla ya kumtazama usoni. Usiku wa tarehe 13 Agosti 2004, wakimbizi zaidi ya 150, wengi wao Banyamulenge waliotoka upande wetu, waliuawa kambini Gatumba, nchini Burundi, mwendo mfupi tu ng'ambo ya mpaka wa Kavimvira. Aliyezika ndugu katika miaka kama hiyo ana haki ya kushtuka, na mwenye kisu, maadamu ndiye aliyeamua kukichukua, ndiye apasaye kutahadhari ili asimshtue.

Si kwamba chuma chenyewe kina nuhusi. Waomani wamelitia jambia katika bendera ya nchi yao, na mpaka leo mwanamume wa Maskati hulifunga kiunoni siku ya arusi na siku ya Idi, hadharani, mbele ya wake na watoto, na watazamaji huliona kuwa pambo la heshima. Kadhalika waungwana wa Unguja walilivaa zamani pamoja na joho. Jambia halitishi kwa sababu hukaa wazi, mahali pake panapojulikana, na halitolewi alani bila ya sababu. Mama wa Mulongwe naye hatishi kwa sababu kisu chake kinaambatana na samaki, na kila mtu aijua kazi yake. Kinachotia watu hofu ni kile kilichofichwa kikajitokeza ghafla pasipo na kazi inayoonekana, na juu ya jambo hilo ndipo uchaguzi wote wa kisu cha mfukoni unaposimama.

Chukua mfano wa kisu kiitwacho Okapi. Kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 ili kiuzwe katika makoloni ya Afrika, mwaka mmoja tu baada ya wataalamu wa Ulaya kumtambua mnyama wa misitu yetu ya Kongo aliyekipa jina. Na siku hizi hutengenezwa Afrika Kusini. Ni kisu cha bei nafuu na cha nguvu, chenye mpini wa mbao uliopindika na nakshi za mwezi na nyota, nacho kimewatumikia wakulima na wachungaji wengi kwa uaminifu. Mgongoni kina komeo la meno, lenye pete ya kuvuta wakati wa kukifunga, na bapa likifunguliwa meno hayo hulia moja baada ya jingine, kra, kra, kra. Mlio huo, pamoja na ncha yake kali, ndio uliokiharibia jina, hata Afrika Kusini na Jamaika kikahesabiwa kuwa kisu cha wahuni. Kwa mtu wa shamba la Kiliba, aliye peke yake kati ya miwa, hakina ubaya wowote. Lakini ndani ya gari la abiria, au katika foleni ya hospitali, nisingemshauri mtu akifungue.

Kinyume chake ni kile kisu chekundu cha Waswisi, ambacho umbo lake la kale lilisajiliwa na Karl Elsener mwaka 1897. Chenye kipimo cha kawaida kina urefu wa milimita 91 kikiwa kimekunjwa. Hakina komeo la kulishika bapa kuu katika namna zake nyingi. Bapa hilo linashikwa na kamani tu, nalo hufunguliwa kwa kutia ukucha katika mfuo mdogo, jambo linalohitaji mikono miwili na nafasi ya kupumua. Aliye karibu huona rangi, huona kifungulia kopo na bisibisi, hutambua kwamba mbele yake kuna fundi au mpishi, na moyo wake hutulia kabla bapa halijatoka. Ila mnunuzi awe na hadhari na vile vya kuiga: kamani yake ikiwa dhaifu, kisu hujikunja juu ya vidole katikati ya kazi. Kifungue, ukitikise, na bapa likichezacheza upande huu na huu, mrudishie muuzaji.

Wapo wanaopenda Opinel ya Wafaransa, iliyoanza kufanywa na Joseph Opinel huko Savoie mwaka 1890, yenye mpini wa mbao ya rangi ya asali. Visu hivyo hutajwa kwa namba kufuata ukubwa wake, na namba ndogo hazina pete ya kufungia, ambayo iliongezwa mwaka 1955 kwa zile kubwa. Na namba 8 ina bapa la sentimita 8 na nusu, ambalo kwa rai yangu limepita kadiri ya mfuko wa mjini. Sura yake ni ya upole, kama chombo cha mezani. Lakini mvuvi anayelala ziwani akivuta nyavu aangalie: mbao ikilowa huvimba na kulibana bapa lisifunguke, na chuma cha kawaida kisipopanguswa hushika kutu. Yeye atafaidika zaidi na mpini wa plastiki wa rangi ya manjano na bapa la ncha butu, lililopinda kuelekea chini. Mabaharia walilichagua umbo hilo zamani ili kisu kikianguka kutoka mlingotini kisimchome aliye chini, nalo hukata kamba na nyavu vizuri sana.

Kuhusu kipimo cha bapa, jamaa zetu waliopitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, kisha wakafika Uingereza wamekuta sheria ya mwaka 1988 inayomruhusu mtu kuwa nacho hadharani, bila ya kutoa sababu, kisu cha kukunja kisicho na komeo, chenye makali yasiyozidi inchi 3, yaani takriban sentimita 7.6. Sheria hiyo si yetu, lakini kipimo chake ni cha busara hata huku kwetu.

Hata kilicho kizuri kikitolewa kwa pupa hutisha. Litangulie tunda, kisu kifuate: weka embe mapajani, sema "Mama, samahani, nakata embe," ndipo ufungue polepole, bapa likielekea kwako, ukate, ukunje, umkaribishe jirani kipande. Usikizungushe vidoleni, usijichokolee kucha nacho, wala usimkabidhi mtu kwa ncha. Na mwenye kuvuka Kavimvira akitie katika furushi pamoja na sufuria, na akiulizwa akitaje kwa ulimi kwanza, mikono yake ikionekana, amwache askari akitoe mwenyewe. Siku ambayo milio ya risasi imesikika usiku milimani, nakuomba, msomaji, ukiache nyumbani, hata kikiwa kidogo kuliko vyote.