Kipimo cha Kinyesi: Kwa Nini Mara Moja Haitoshi

Saratani ya utumbo mpana kwa kawaida huanzia kwenye polipu, yaani kinyama kinachoota katika ukuta wa ndani wa utumbo, ambacho huweza kukaa miaka 10 au zaidi kabla ya kugeuka saratani. Kwa kuwa kinyama hicho, hasa kikishakua, huvuja damu kidogo isiyoonekana kwa macho, kinyesi huweza kuufichua ugonjwa kabla mtu hajahisi maumivu yoyote.

Kipimo kinachotumika sana siku hizi, kiitwacho FIT, hutumia kingamwili, ambazo ni protini zenye uwezo wa kunasa kitu kimoja mahususi. Hapa hunasa himoglobini ya binadamu, hivyo nyama iliyoliwa haivurugi majibu. Hata hivyo, utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2014, uliohusisha watu karibu 10,000, ulionyesha kwamba kipimo kimoja cha FIT kiligundua takriban asilimia 74 ya saratani, lakini asilimia 24 tu ya polipu zilizokomaa, kwani nyingi hazivuji damu kila siku.

Faida ya kurudia kupima ilidhihirika katika jimbo la Minnesota, ambako watu 46,551 wenye umri wa miaka 50 hadi 80 waligawanywa katika makundi matatu: waliopimwa kila mwaka, waliopimwa kila baada ya miaka miwili, na wasioitwa kupimwa. Kwa kipimo cha zamani cha karatasi, kila mpimwaji alipaka sampuli mbili kutoka katika kila choo, kwa vyoo vitatu mfululizo. Matokeo ya miaka 13, yaliyotolewa mwaka 1993, yalionyesha kwamba vifo vya saratani hiyo kwa kila watu 1,000 vilikuwa 5.88 katika kundi la kwanza, 8.33 katika la pili na 8.83 katika la tatu.

Majibu yakionyesha damu, hatua inayofuata ni kolonoskopi, yaani kuchunguza utumbo kwa mpira mwembamba wenye kamera, ambao pia huwezesha polipu kukatwa papo hapo. Kurudia kipimo cha kinyesi kwa matumaini ya kupata majibu mazuri zaidi ni kosa, kwa sababu damu iliyokosekana leo haithibitishi kwamba kilichoivujisha jana kimetoweka.